Saratani ya seli-pete ya utumbo mpana: ndugu, msitulaumu kwa kuchelewesha kinyama

Siku hizi dirisha letu la majibu hapa Tabora linapokea malalamiko mengi kwamba "kinyama", yaani kipande kilichokatwa mwilini ili kipimwe, "kimekaa sana maabara". Pale tulipochelewa tunaomba radhi. Ila yapo majibu yasiyotolewa kwa haraka, na mojawapo ni saratani ya seli-pete.

Ni nadra, takribani mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya utumbo mpana. Kwenye hadubini unaiona seli imejaa ute, kiini kimesukumwa pembeni kama kito kwenye pete. Seli hizo zikizidi nusu ya uvimbe, ndipo tunaandika jina hilo.

Huwapata vijana zaidi kuliko saratani ya kawaida ya utumbo. Hutambaa ndani ya ukuta wa utumbo, hata kamera inaweza kupita juu yake isione kitu. Wengi hufika hatua ya tatu au ya nne, ugonjwa umeshaingia kwenye tezi za limfu (vivimbe vidogo vya kinga ya mwili) au umetapakaa kwenye utando wa tumbo, na hatua hiyo ndiyo inayoamua zaidi mgonjwa ataishi muda gani. Kijana wa miaka 30 anatoa damu chooni, anaambiwa bawasiri, anapewa dawa ya kupaka na mizizi juu, mwaka unakatika. Nani alimpima?

Ndiyo maana hatuharakishi: baada ya upasuaji tunatakiwa kukagua tezi zisizopungua 12. Zikipungua, tunaweza kusema ugonjwa haujafika kwenye tezi kumbe umefika, na mgonjwa akakosa dripu za saratani anazostahili kule hospitali za Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwa hiyo mnaobeba sampuli: kopo liwe la mdomo mpana, fomalini (dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze) ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama. Jina, namba ya faili, sehemu kilipokatwa na saa viandikwe ubavuni mwa kopo, si kwenye mfuniko, mifuniko hubadilishana. Isiyo na jina hatuipokei, hata kama umetoka Urambo na basi la alfajiri. Tuliwahi kuletewa kipande kwenye chupa ya asali. Kiliingia kikiwa laini, fomalini ikakikaza, kutoka kikagoma. Tukavunja chupa.

Na hili la "saratani ikiguswa na kisu inasambaa", jamani! Wengi wanaokutwa imeenea, ilikuwa imeenea kabla kisu hakijagusa ngozi.

Majibu anapewa mgonjwa mwenyewe, au ndugu aliyeandikwa kwenye fomu, akiwa na kitambulisho.