Muhuri wa kibuyu haugongwi

Nikisema mihuri ya adinkra, alama ambazo Waakan wa Ghana huchapa kwenye vitambaa, huchongwa kwenye kibuyu, wengi hudhani nimekosea neno, wanatarajia mbao. Mimi mwenyewe nilianza kazi ya kuchapa vitambaa kwa chapa za mbao bapa, kwa hiyo siku ya kwanza nilipoketi Ntonso, karibu na Kumasi nchini Ghana, nilishika muhuri nikaugonga kama karani wa posta. Katikati likatoka doa, pembeni hakikutoka kitu. Mzee aliyekuwa akinifundisha akauchukua, akalaza ukingo mmoja juu ya kitambaa, kisha akauviringisha polepole hadi ukingo wa pili. Alama ikakaa nzima.

Siri yote imo katika ule mbinuko wa kibuyu. Mchongaji huchagua kibuyu kikavu chenye ganda nene, hukata kipande kinachoenea kiganjani, huchora alama upande wa nje, kisha kwa kisu kidogo huondoa kila kisichotakiwa mpaka alama ibaki imeinuka. Ganda halina mkondo wa nyuzi kama ubao, ndiyo maana kisu hukata kona bila kuchana. Tazama Dwennimmen, pembe za kondoo dume: mizunguko minne iliyojikunja, na kati ya mstari na mstari pengo jembamba. Pengo hilo ndilo linalonitisha zaidi. Likichongwa kwa kina kidogo, wino hujaa humo na pembe zote huwa donge moja. Upande wa ndani huchomekwa vijiti vichache, vikakutanishwa juu na kufungwa kwa kamba au kitambaa. Hapo ndipo pa kushika.

Wino nao ni kazi ya jasho. Gome la mti uitwao badie hulowekwa, hutwangwa kinuni, huchemshwa kwa saa nyingi na kuchujwa, kisha maji yake hurudishwa motoni hadi yawe mazito na meusi. Zamani waliongeza masimbi ya chuma ndani ya chungu. Kitambaa hutandazwa juu ya ubao wenye mto laini, kikavutwa na kubanwa, kwa sababu muhuri uliobinuka unahitaji kitu cha kuzama kidogo chini yake. Kabla ya alama, mchapaji huchovya kichanuo cha mbao na kupiga mistari inayogawa kitambaa katika miraba.

Waakan walivaa vitambaa hivi hasa msibani: chekundu huitwa kobene, cheusi birisi, cha kahawia iliyokolea kuntunkuni. Vya mtindo wa zamani havikufuliwa. Kwetu pwani kanga husema kwa jina lililoandikwa ukingoni. Pale mfiwa husema kwa picha, na aliyelelewa humo huisoma bila herufi hata moja.

Husimuliwa kwamba ufundi huu uliletwa katika ufalme wa Asante, wenye makao Kumasi, baada ya mfalme Adinkra wa Gyaman, ufalme jirani, kushindwa vitani mwaka 1818. Siwezi kuukubali mwaka huo kuwa mwanzo. Mwingereza Thomas Bowdich alipata kitambaa kilichochapwa alama hizi huko Kumasi mwaka 1817, na leo kimo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Mihuri ilikuwa kazini kabla ya vita ile.

Siku hizi hata Ntonso kuna wanaochapa kwa fremu ya wavu, na siwalaumu. Ni haraka, na mteja anataka kitambaa cha kufua. Ila ukitaka kujua kama ulichonunua kimepitiwa na kibuyu, chagua mraba mmoja ufuate alama moja baada ya nyingine. Ya kwanza itakuwa imeiva, ya tatu imepauka kidogo, halafu ghafla nyingine nyeusi tii: hapo mkono ulirudi kwenye wino. Na mahali fulani ukingo mmoja utakuwa hafifu kuliko mwenzake, pale mchapaji alipowahi kuinua muhuri kabla haujamaliza kuviringika.