Je, wajua kwa nini ruta ya pili huenda isiiponye Wi-Fi ya nyumba ya mawe?

Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazozuia joto la mchana. Kuta hizohizo huzuia Wi-Fi, hasa ile ya masafa ya 5 GHz, ambayo hupenya vibaya kuliko ya 2.4 GHz. Basi mwenye nyumba ya wageni pale Mkomani akiifunga ruta ghorofani, mgeni wa chumba cha chini hapati kitu. Ushauri anaopewa upesi ni anunue ruta nyingine. Hapo ndipo pesa hupotea, kwa kuwa visanduku hivi hufanana umbo, kazi zao mbalimbali.

Modemu hugeuza mawimbi ya laini ya mtoa huduma yawe data ya kompyuta. Ruta huunganisha mtandao wa nyumbani na ule wa nje: husoma anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) ya kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, na kuamua ielekee wapi. Ruta ya nyumbani pia huipa kila simu anwani ya ndani, mfano 192.168.1.20.

Swichi haijishughulishi na nje. Huunganisha kwa waya vifaa vya mtandao mmoja, na hukariri kifaa gani kiko tundu lipi kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, hivyo waraka wa printa hufika kwa printa tu. Habu iliyoitangulia ilikuwa kama mpiga mbiu: neno la mmoja lilimfikia kila mtu. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Akses pointi ndiyo inayorusha Wi-Fi kutoka kwenye waya. Haina haja ya kugawa anwani.

Sasa, kisanduku cha nyumbani tunachokiita ruta huwa na ruta, swichi na akses pointi kwa pamoja. Ukichomeka cha pili kwenye swichi ya kwanza bila kukirekebisha, vyote viwili hugawa anwani, na pengine vyote hujiita 192.168.1.1. Simu itaonyesha Wi-Fi imejaa, lakini ukurasa haufunguki.

Mgeni wa chini anahitaji akses pointi iliyoteremshiwa waya. Kebo ya kawaida ya mtandao hufika mita 100. Kama ruta ya pili umeshainunua, usiitupe: zima ugawaji wa anwani, yaani DHCP, ipe anwani yake yenyewe, tuseme 192.168.1.2, ukihakikisha haitumiwi na kifaa kingine, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN (mtandao wa ndani), si la WAN (mtandao wa nje).