Fumo yupi?

Kijana mmoja wa Langoni alinijia na daftari la nasaba yao. Juu kabisa babu yake ameandika neno moja tu: Fumo. "Mwalimu, huyu ndiye Liyongo?" Nikamwambia, mwanangu, kwanza tutafute jina la pili.

Kazi yangu ni kusoma hati za zamani za huku Lamu, na hakuna jina linalonitoa jasho kama hili. Kamusini, fumo ni mkuki wa bapa pana. Lakini Wachewa humwita mkuu wao mfumu, na Wakongo vivyo hivyo. Mimi naona kwetu lilikuwa cheo, likaganda mbele ya majina ya wakubwa wa Pate, kisiwa jirani, hadi likawa jina lenyewe.

Fumo Liyongo kila mtu anamjua: shujaa na malenga, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe. Kaburi lake huonyeshwa Kipini. Huyo miaka yake usinibane, maana tunampata katika tenzi na nyimbo.

Fumo Madi ni mwingine kabisa. Huyu ni sultani wa Pate, wa ukoo wa Wanabahani, wa kabla ya vita vya Shela kati ya Lamu na Pate, na katika hati jina lake ni Muhammad. Ukimtafuta kwa "Madi" pekee utapitwa naye. Halafu yuko Fumo Luti, ambaye mwanawe Ahmad, mtawala wa Witu, mji wa huko bara, alijulikana kwa jina la Simba. Hapo Fumo limebaki kwa baba.

Anayenishughulisha zaidi ni Fumo Bakari, aliyemrithi Simba huyo mwaka 1889. Julai 1890 Wajerumani, waliokuwa walinzi wa Witu, waliiachia Uingereza kwa mkataba uliotiwa saini Berlin. Septemba, Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake wakauawa Witu. Waliokuja kulipiza hawakuwa Wajerumani bali Waingereza: Oktoba, Admirali Fremantle aliuteketeza mji. Mapema 1891 Fumo Bakari akafariki. Baada yake vita vikaendelezwa na Fumo Omari, na hapo ndipo wanafunzi huwachanganya wawili hawa.

Katika daftari la yule kijana, ukurasa wa pili, pana neno "Witu" lililofutika nusu. Nimemtuma kwa bibi yake akaulize huyo mzee wakimwita Fumo nani.