Transfoma ikivuma haijalemewa

Nikifika mtaani kwa kazi, iwe Majengo au Kisauni, swali ni lile lile: "Fundi, hii transfoma mbona inavuma? Watu waliojiunga wamezidi?" Hapana. Hata mtaa mzima ungezima taa na mafriji, ingevuma vivyo hivyo.

Kinachovuma ni chuma kilichomo ndani. Transfoma ina kiini cha chuma chenye silikoni, kilichopangwa kwa mabati membamba yasiyofika nusu milimita, na nyaya zimezongwa kukizunguka. Stima ikipita, chuma hugeuka sumaku, na chuma kikishika usumaku hubadilika urefu. James Joule wa Uingereza aliligundua hilo mwaka 1842. Badiliko lenyewe ni dogo ajabu: chuma cha mita moja husogea mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele mmoja una unene wa mikroni 70 hivi. Lakini mtikisiko huo hupita kwenye mafuta yanayokizunguka kiini, ukafika kwenye tangi, na ubavu mpana wa tangi ukaipiga hewa kama ngozi ya ngoma.

Stima yetu huzunguka, yaani huenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde. Katika kila mzunguko usumaku hufika kilele mara mbili, upande huu kisha upande wa pili, na chuma hakijali upande. Basi mvumo huwa wa mitikisiko 100 kwa sekunde. Marekani, kwenye mizunguko 60, ni 120.

Usumaku huo hufuata volteji, yaani msukumo wa stima, si mzigo, yaani stima ambayo watu wanaitumia. Usiku wa manane watu wakishazima vyombo, volteji ya laini huelekea kupanda, na mvumo huweza kuzidi kidogo. Tena mtaa umetulia, unausikia wote.

Ninayoiogopa mimi ni sauti ya kutatarika, kama kitu kinakaangwa. Hapa pwani upepo wa baharini hupaka chumvi vile vikombe vya kauri vinavyoshika nyaya. Umande ukishuka, chumvi hulowa, na stima hutambaa juu yake. Gizani unaweza hata kuona cheche za samawati. Hapo waondoeni watoto chini ya nguzo, mpige simu mara moja. Vilevile mvumo wa siku zote ukigeuka ghafla kuwa mngurumo mzito, au ukisikia kitu kinapasuka ndani ya tangi, msingoje kesho.

Na mkipiga, tafadhali elezeni sauti yenyewe: inavuma, inatatarika au inapasuka, na kama ilianza baada ya manyunyu. Fundi wa zamu akiyajua hayo, anajua abebe nini na akate stima wapi kabla hajapanda.