Amri niliyoifuta kimakosa: optimaiza ya prosesa za Mindustry

Mpwa wangu hucheza Mindustry kila jioni akitoka shule. Ndani ya mchezo huo kuna prosesa unazoziandikia amri mwenyewe, moja kila mstari. Siku moja alinifuata chumbani, hapa Sinza: "Mjomba, mbona inachelewa hivi?"

Prosesa ndogo hutekeleza amri 120 tu kwa sekunde, na programu nzima haiwezi kuzidi amri 1000. Nikaanza kuandika optimaiza: programu inayosoma amri alizoandika mpwa wangu na kurudisha chache zaidi zenye matokeo yaleyale. Hiki ni kipande cha programu ya mpwa wangu; kinahesabu n hadi 60, kinaandika "tayari", kisha kinairudisha n kwenye 0 (jump ni amri ya kurukia mstari uliotajwa, sharti likitimia):

```
0  op add n n 1
1  set kikomo 60
2  jump 0 lessThan n kikomo
3  print "tayari"
4  printflush message1
5  set n 0
```

Huwezi kufika mstari wa 2 bila kupitia wa 1, kwa hiyo pale kikomo ni 60 siku zote. Optimaiza inaiweka 60 ndani ya jump yenyewe, inaona hakuna tena anayekisoma kikomo, inafuta mstari wa 1. Raundi 60 zilizokuwa zinakula sekunde moja na nusu sasa zinaisha kwa sekunde moja. (Anayezitegemea raundi kama saa atumie wait, amri ya kusubiri.) Mstari ukifutwa namba za jump zinahama, kwa hiyo nazigeuza kuwa majina kwanza, kisha nazirudisha mwishoni kabisa.

Sasa tazama mstari wa 5. Kabla ya kufuta amri lazima uulize: je, ipo njia yoyote kutoka hapa inayokisoma kigeu hiki (jina linaloshika thamani, kama n) kabla hakijaandikwa upya? Toleo langu la kwanza lilifika mwisho wa mistari, likajibu hakuna, likafuta. Lakini Mindustry ikimaliza amri ya mwisho hurudi ya kwanza, na vigeu vinabaki na thamani zake. Basi n ikapanda 61, 62, 63, na "tayari" ikawa inaandikwa kila raundi. Mpwa wangu ndiye aliyeliona kosa hilo.

Dawa yake ilikuwa mshale mmoja: kutoka amri ya mwisho kurudi ya kwanza, kwenye ramani ya njia za programu. Uchambuzi wa ramani hizi Frances Allen wa IBM aliuandikia makala mwaka 1970, na mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta. Nikisahau mshale mmoja tu, kila hukumu inayofuata ni batili.

Kuna kigeu @counter, kinachoshika namba ya amri inayofuata, na programu inaruhusiwa kukiandika. Hapo sijui mshale uelekee wapi. Kwa hiyo optimaiza ikikikuta @counter inairudisha programu nzima kama ilivyo. Mpwa wangu anazo prosesa mbili za namna hiyo. Hizo tunazipunguza kwa mkono, mstari kwa mstari, daftari likiwa mezani.