"Umri umeshapita": wanayoambiwa wanawake wa Kilatino wanaoingia jukwaani ukubwani

Lupe Ontiveros alikuwa ofisa ustawi wa jamii. Alizaliwa El Paso, Texas, mwaka 1942, kwa wazazi waliotoka Mexico. Akasoma hadi chuo kikuu, akaolewa, akahamia California na kulea watoto, huku akishinda kazini na shida za watu wengine. Siku moja akapata habari kwamba watayarishaji wa filamu wanatafuta watu wa kawaida wa kuonekana nyuma ya waigizaji wakuu. Akaenda. Hakuwa binti tena.

Namtaja kwanza yeye kwa sababu karibu kila dhana potofu inayowahusu wanawake wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanaoanza kuigiza wakiwa watu wazima inavunjwa na maisha yake.

Dhana: Uigizaji huanzwa utotoni. Ukivuka thelathini, kaa uwe mtazamaji.

Mwaka 1978 Ontiveros, akiwa na umri wa miaka 35 hivi, alipanda jukwaani Los Angeles katika Zoot Suit, mchezo wa Luis Valdez kuhusu vijana wenye asili ya Mexico walioonewa na mahakama miaka ya 1940. Aliigiza mama mzazi wa kijana anayeshtakiwa. Mwaka uliofuata mchezo huo ulifika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York, ukiwa wa kwanza wa Wachicano, Wamarekani wenye asili ya Mexico, kufika huko. Mwanamke aliyekuwa amezoea kukaa na familia zenye mtoto matatani hakuhitaji kufundishwa jinsi mama anavyosimama mbele ya hakimu. Hapo ndipo wanaosema "umri umepita" wanapokosea: wanahesabu miaka iliyokwenda, hawahesabu kilichowekwa akiba ndani ya miaka hiyo.

Mwaka 2000, akiwa na miaka 58, Ontiveros alipata tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike ya National Board of Review, taasisi ya Marekani inayotuza filamu, kwa filamu ya Chuck & Buck. Humo aliigiza msimamizi wa jumba dogo la maonyesho, mwanamke mwenye kauli yake.

Dhana: Fulani "ameibuka" ghafla uzeeni.

Hii inaniudhi kuliko zote, maana inafuta kazi ya mtu. Adriana Barraza wa Mexico aliteuliwa kuwania Oscar mwanzoni mwa 2007, kwa filamu ya Babel, akiwa na miaka 50. Wengi walimwona kama mgeni. Mgeni gani? Alikuwa amefanya kazi ya jukwaa kwa miaka mingi, amefundisha uigizaji, ameongoza wengine. Olga Merediz, mzaliwa wa Kuba, aliteuliwa kuwania Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, mwaka 2008, akiwa na miaka 52, kwa kuigiza Abuela Claudia, bibi wa mtaa mzima, katika mchezo wa In the Heights. Filamu ya mchezo huo ilipotoka mwaka 2021 alikuwa na miaka 65, na uhusika ulikuwa uleule. Waliochelewa hapa ni waliokuwa wakitazama kwingine.

Kwa hiyo tutenganishe. Kuna anayeanza kazi hii ukubwani, kama Ontiveros, na kuna aliyekuwapo siku zote, akaonwa ukubwani.

Dhana: Aliyekubali kuigiza mfanyakazi wa ndani mara kwa mara alijishusha.

Ontiveros mwenyewe alikadiria kwamba aliigiza mfanyakazi wa ndani mara 150 hivi. Tafakari namba hiyo. Mwanamke mwenye shahada, anayezungumza Kiingereza safi cha Texas, anaingia kwenye usaili na kukuta wanataka lafudhi nzito. Akiongea kama anavyoongea nyumbani kwake, nafasi inakwenda kwa mwingine. Hakulificha hilo, alilisema hadharani na kudai wahusika wa aina nyingine: majaji, madaktari, wanawake wenye mapenzi na hasira zao.

Lakini pia alikataa kumdharau mwanamke anayefua na kupika katika nyumba ya mtu. Mwaka 2005 sauti yake ndiyo iliyosimulia filamu ya hali halisi kuhusu wafanyakazi wa ndani wahamiaji wa Los Angeles. Aibu ya zile nafasi 150 ni ya walioandika miswada, walioona uso wa Kilatino wakaona fagio tu. Na alipopewa mtu kamili wa kuigiza, alionyesha uwezo wake. Katika filamu ya Real Women Have Curves alikuwa mama fundi cherehani, mwenye upendo na maneno makali, na tamasha la filamu la Sundance la 2002 likampa tuzo maalumu ya uigizaji pamoja na America Ferrera, binti aliyekuwa akianza.

Dhana: Walatino wote ni wamoja.

Sisi tuliokulia na tamthilia za Mexico kwenye televisheni zetu tunaingia mtego huu kirahisi. Barraza ni wa Mexico, Merediz ana asili ya Kuba, Ontiveros alizaliwa Marekani kwenyewe. Watu wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibea, ni raia wa Marekani tangu 1917. Historia zao, lafudhi zao na rangi zao ni tofauti.

Dhana: Jukwaa dogo ni mahali pa kusubiri filamu.

Majukwaa haya yalijengwa kwa makusudi. Kikundi cha maigizo cha El Teatro Campesino kilizaliwa mwaka 1965 katika mgomo wa wavuna zabibu wa Delano, California. Vibarua wenyewe waliigiza, wakati mwingine juu ya lori. Mwaka 1967 Míriam Colón, mwigizaji wa Puerto Rico, alianzisha New York kikundi kilichopeleka maigizo mitaani kwa watu wasioweza kununua tiketi. Ontiveros naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Latino Theater Company ya Los Angeles. Mahali kama hapo anayeanza na miaka 45 hupata mazoezi ya jioni, baada ya kazi, na wahusika wanaomlingana.

Fedha ni suala jingine, na sitaki kumdanganya mtu. Kumbi za Los Angeles zenye viti visivyozidi 99 zimejulikana kwa malipo madogo. Hata kwenye filamu, mwaka 2023 mwanachama wa chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, alipaswa kuingiza zaidi ya dola 26,000 kwa mwaka ili apate bima ya afya, na wengi hawakufika. Kwa hiyo anayeshikilia ajira yake ya mchana hajakosa imani na sanaa. Ontiveros alifanya zote mbili kwa miaka.

Alifariki Julai 2012, akiwa na miaka 69. Mapema mwaka huohuo alikuwa bado kwenye televisheni, katika kipindi cha vichekesho, akiigiza bibi wa familia.