Miraba, mistari na rangi ya magari

Simama Nairobi mbele ya mchoro wa miraba na pembetatu, hutakosa mtu wa kusema, "Hii hata mtoto anachora." Maneno hayo yana wenzake: dhana potofu kuhusu sanaa ya maumbo kama haya. Hizi hapa nne.

Dhana: Ni kazi ya rula, haina mkono wa mtu.
Ukweli: Pande za Mraba Mweusi, mchoro wa Mrusi Kazimir Malevich (1915), hazijanyooka sawasawa, na uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha michoro mingine chini ya ule weusi. Mchoraji Mholanzi Piet Mondrian naye, huko New York, alibandika vipande vya tepu ya rangi na kuvihamisha hadi macho yake yaridhike.

Dhana: Mchoraji na kiwanda hawana uhusiano.
Ukweli: Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Fundi anayepuliza rangi magari kule Kirinyaga Road hubandika tepu ya karatasi ili rangi mbili zisiingiliane. Tepu hiyo ilibuniwa na Richard Drew wa kampuni ya Marekani ya 3M mwaka 1925, kwa mafundi kama yeye. Wachoraji wa kingo kali, yaani wanaotenganisha rangi kwa mpaka ulionyooka, waliichukua baadaye. Mchoraji Mmarekani Frank Stella, aliyewahi kujitafutia riziki kwa kupaka nyumba rangi, alichora picha zake nyeusi za 1959 kwa rangi ya duka la vifaa vya ujenzi na brashi ya wapaka nyumba rangi.

Msanii Mhungaria László Moholy-Nagy alienda mbali zaidi. Mwaka 1923 aliagiza kiwanda cha mabango Ujerumani kimtengenezee mchoro mmoja kwa saizi tatu, enameli juu ya chuma, kama vikombe vya bati vya nyumbani kwetu. Yeye alisema aliagiza kwa simu. Mkewe Lucia alikumbuka kwamba mumewe alienda kiwandani mwenyewe. Mimi namwamini mke.

Dhana: Anayechora hivi anavisifu viwanda.
Ukweli: Si lazima. Miraba ya mchoraji Mmarekani Peter Halley, tangu miaka ya 1980, ni vyumba vya jela vilivyounganishwa kwa mabomba.

Dhana: Ni mambo ya Wazungu.
Ukweli: Esther Mahlangu wa Afrika Kusini alijifunza michoro ya Kindebele kwa mama na bibi yake, kwenye kuta za nyumba. Mwaka 1991 BMW ilimpa gari, 525i, naye akalichora mwili mzima. Huchora bila rula, mara nyingi kwa unyoya wa kuku.